Kutambua vimelea vya magonjwa ya miwa: kutoka shambani hadi maabara

Jani la muwa lenye milia ya njano linaweza kuwa na virusi. Linaweza pia kuwa limekosa madini ya chuma, au limeguswa na dawa ya magugu iliyopeperushwa na upepo. Ukilitia kwenye mfuko na kulipeleka maabara bila kusema unashuku nini, utapimiwa kile ambacho maabara ina vitendanishi (kemikali za kupimia) vyake. Majibu yatarudi kwamba hakuna kilichoonekana, na shamba litaendelea kudhoofika.

Mwongozo huu ni kwa bwana shamba, mwanafunzi wa kilimo na fundi wa maabara anayeanza. Umejengwa juu ya jambo moja: kila kimelea kina makao yake ndani ya muwa. Kipo kinachoishi kwenye mirija inayopandisha maji, kipo kinachoishi kwenye mirija inayosafirisha sukari, na kipo kinachojificha kwenye ncha ya ukuaji. Sampuli iliyokatwa nje ya makao hayo haitasema kitu, hata mashine ya kuipimia iwe ya bei gani.

Hatua ya 1: Soma shamba kabla ya kusoma jani

Usianze na shina moja lililokuvutia macho. Zunguka shamba lote, kisha jiulize tatizo limekaaje. Upungufu wa madini hufuata udongo, hivyo eneo zima hupauka kwa pamoja na mashina jirani hufanana. Madhara ya dawa ya magugu hufuata njia aliyopita mpulizaji. Ugonjwa ulioingia na mbegu, yaani vipande vya miwa vilivyopandwa, hutawanyika: shina moja baya katikati ya mazima. Ugonjwa unaobebwa na wadudu mara nyingi huanzia pembezoni, hasa upande unaopakana na mahindi, mtama au nyasi pori. Ule unaosafiri kwa panga au mashine ya kuvunia hufuata mstari, shina baada ya shina, kwa mwelekeo waliokwenda wavunaji.

Andika aina ya muwa, umri wake, kama ni zao la kwanza au ni ratuni (miwa iliyochipua tena baada ya kuvunwa), na mbegu ilitoka wapi. Watu hulipuuza daftari hili kwa sababu halina mng'ao wa maabara, lakini mara nyingi ndilo linalopunguza orodha ya washukiwa kuliko kipimo chochote.

Hatua ya 2: Inua jani kwenye mwanga

Anza na jani changa la juu ambalo limeshafunguka lote na kiungio chake na ala (sehemu ya jani inayolizunguka shina) kinaonekana wazi. Linyanyue ili mwanga upite ndani yake.

Ukiona mabaka ya kijani kilichokolea juu ya kijani hafifu au manjano, yasiyo na mipaka mikali, na yakiwa dhahiri zaidi karibu na kitako cha jani, hilo ni batobato. Hapa washukiwa wakuu ni watatu: kirusi cha batobato la miwa (SCMV), kirusi cha batobato la mtama (SrMV) na kirusi cha batobato-michirizi (SCSMV). Viwili vya kwanza hubebwa na vidukari. Kwa macho huwezi kuvitofautisha, na hata mtu aliyekaa na miwa miaka mingi hawezi. Andika "batobato" na uishie hapo.

Vistari vifupi vyeupe au vya njano, vyembamba, vyenye kingo kali na vilivyonyooka sambamba na mishipa, vinaelekeza kwenye kirusi cha michirizi. Hiki ni ndugu wa kirusi cha michirizi ya mahindi, na husambazwa na wadudu-rukaji wadogo wa jenasi ya *Cicadulina*. Usikichanganye na upungufu wa chuma: wenyewe huleta mistari mirefu inayokwenda kitako hadi ncha bila kukatika.

Geuza jani utazame upande wa chini wa mshipa mkuu. Mshipa ukiwa wa njano iliyoiva huku upande wa juu bado ni wa kijani, na muwa umeshakomaa, shuku kirusi cha manjano ya majani (ScYLV). Shuku tu, usihukumu. Ukame, baridi na mizizi iliyoharibika huleta sura hiyohiyo, na aina nyingi za miwa hubeba kirusi hiki bila kuonyesha rangi yoyote. Wakati jani likiwa limegeuzwa, pitisha kidole juu yake. Vivimbe virefu vilivyoinuka kufuata mishipa ni alama ya ugonjwa wa Fiji, wa kirusi kingine kabisa kinachobebwa na wadudu-rukaji wa jenasi ya *Perkinsiella*.

Machipukizi mengi membamba kama nyasi, yenye majani yaliyopauka au meupe kabisa, ni dalili ya fitoplazma. Hawa ni bakteria wasio na ukuta wa seli. Hadi mwaka 1967, watafiti wa Japani walipowaona kwa hadubini ya elektroni, magonjwa yao yalihesabiwa kuwa ya virusi.

Mstari mmoja mweupe, mwembamba kama uliochorwa kwa penseli, unaofuata mshipa na kushuka hadi kwenye ala, ni saini ya *Xanthomonas albilineans*, bakteria wa kubabuka kwa majani. Baadaye ncha za majani hukauka zikijikunja kwa ndani, na macho ya pembeni huchipua kwenye shina lililokwisha komaa, kuanzia chini kwenda juu. Bakteria huyu anaweza pia kukaa kimya ndani ya muwa kwa miezi mingi, kisha shina likanyauka ghafla bila mstari wowote kutangulia.

Milia myekundu iliyokoza inayofuatana na uozo wenye harufu mbaya kwenye kilele ni kazi ya *Acidovorax avenae*. Vipele vinavyoacha unga kwenye kidole ni kutu, na kutu tutairudia kwenye hadubini.

Hatua ya 3: Pasua shina

Majani yakiwa mazuri na ratuni haikui, jibu liko ndani ya shina.

Udumavu wa ratuni ndio unaowapita wengi, kwa kuwa kwa nje hauna dalili ila miwa mifupi na myembamba, jambo ambalo kila mtu atalisingizia mvua. Chagua shina lililokomaa. Nenda kwenye mafundo ya chini kabisa, menya ganda, kisha kata kipande chembamba kwa urefu kwa kisu kikali. Tazama sehemu ya chini ya fundo, siyo pingili. Utaona vidoto vya rangi ya chungwa iliyokolea au nyekundu, vidogo kama kichwa cha pini, vingine vimejipinda kama alama ya mkato. Hivyo ndivyo mirija ya maji iliyoshambuliwa. Tazama papo hapo: uso wa muwa uliokatwa hubadilika rangi kwa hewa, na ukichelewa kila kitu kitaonekana chekundu. Aina nyingine za miwa hazitoi vidoto hivi hata zikiwa zimejaa bakteria, kwa hiyo kutoviona si cheti cha afya.

Uozo mwekundu, wa kuvu *Colletotrichum falcatum*, hujitambulisha wenyewe. Nyama ya ndani huwa nyekundu na kukatizwa na mabaka meupe ya kulala, na hutoa harufu ya pombe iliyochacha. Wekundu mtupu usio na mabaka meupe unaweza kuwa jeraha la kipekecha shina tu. Mbegu iliyooza ardhini na kunukia nanasi lililoiva ni ya *Thielaviopsis paradoxa*. Ute wa njano unaojitokeza wenyewe kwenye mkato wa shina ni wa bakteria wa ugonjwa wa gundi, *Xanthomonas axonopodis* pv. *vasculorum*.

Fugwe, ugonjwa wa kuvu wa unga mweusi, haihitaji kisu. Mjeledi mweusi unaotoka kwenye ncha ya shina, ukiwa bado umefunikwa na ngozi nyembamba ya rangi ya fedha au umeshapasuka na kumwaga unga, ni *Sporisorium scitamineum*. Hakuna ugonjwa mwingine wa miwa unaofanya hivyo.

Hatua ya 4: Chagua kipande sahihi cha kukata

Sasa una mshukiwa, kwa hiyo kata alipo:

- Batobato na michirizi: jani changa, upande wa kitako, penye dalili kali.
- Manjano ya majani: mshipa mkuu wa jani la juu lililofunguka. Kirusi hiki hakitoki nje ya mirija ya sukari.
- Fitoplazma: mshipa mkuu wa jani lililopauka. Nao huishi kwenye mirija ya sukari.
- Udumavu wa ratuni: utomvu wa mirija ya maji kutoka pingili za chini za miwa iliyokomaa. Muwa mchanga hubeba bakteria wachache mno na utakudanganya.
- Kubabuka kwa majani: kipande cha jani chenye mstari. Kama hakuna dalili, vipande vya shina la chini.
- Uozo wa kuvu: mpaka kati ya sehemu mbovu na nzima. Katikati ya uozo utakuta wageni waliokuja baadaye kula mabaki.
- Fugwe kabla ya mjeledi: ncha ya ukuaji na macho.

Kata pia kutoka shina zima la aina ileile. Bila hilo huna cha kulinganisha.

Hatua ya 5: Kata bila kuueneza ugonjwa

Bakteria wa udumavu wa ratuni na wa kubabuka kwa majani husafiri kwa kisu. Maana yake ni kwamba mpima sampuli anaweza kuwa ndiye anayeueneza. Futa kisu kwa alkoholi ya asilimia 70 baada ya kila shina na uache kikauke.

Majani ya virusi yafungwe kwenye mfuko wa plastiki pamoja na karatasi yenye unyevu kidogo, kisha yakae penye nyuzi 4 hivi za Selsiasi. Sampuli za kuvu ziwekwe kwenye mfuko wa karatasi, maana ndani ya plastiki hutoa jasho na kuoza. Usigandishe kipande unachotaka kuotesha kimelea chake. Mjeledi wa fugwe ufunike kwa mfuko kabla ya kuukata, na uukate mwisho wa safari, usije ukamwagia spora sampuli zako zote.

Andika lebo kwa penseli. Wino hufutika ukigusana na alkoholi.

Hatua ya 6: Vipimo vya mezani

Kabla ya kufikiria vinasaba, fanya vya bei nafuu.

*Mtiririko wa bakteria.* Kata kipande kidogo cha jani kwenye mpaka wa dalili, kiweke kwenye tone la maji juu ya kioo, funika, tazama kwa hadubini. Wingu la chembe ndogo likimiminika kutoka kwenye mirija iliyokatwa, una bakteria wengi. Lisipotoka, usihitimishe kitu.

*Unyevu.* Weka kipande cha shina au jani kwenye kisahani chenye karatasi iliyoloweshwa, funika kwa siku chache. Kuvu nyingi zitatoa spora. Zile za *Colletotrichum falcatum* zimepinda kama mundu, na jina lake la pili limetokana na umbo hilo.

*Kutu.* Bandika utepe wa kunata juu ya kipele, ubandue, uubandike kwenye kioo chenye tone la maji. Kutu ya kahawia (*Puccinia melanocephala*) ina spora za kahawia iliyokoza zenye ukuta wa unene ulio sawa. Kutu ya chungwa (*Puccinia kuehnii*) ina spora zenye rangi ya chungwa hadi dhahabu, na ukuta wake mara nyingi umenenepa kwenye ncha. Tofauti hii ina uzito. Aina ya muwa inayostahimili kutu moja inaweza kuangushwa na nyingine, kama ilivyotokea Australia mwaka 2000, kutu ya chungwa ilipoivamia aina ya Q124 iliyokuwa imepandwa kwa wingi.

*Utomvu wa udumavu wa ratuni.* Sukuma utomvu kutoka kwenye pingili kwa hewa ya shinikizo au kwa mashine ya kuzungusha, kisha tazama kwa hadubini ya tofauti-awamu kwa ukuzaji wa mara 1000 hivi. *Leifsonia xyli* subsp. *xyli* ni kijiti chembamba sana, upana chini ya nusu mikromita, urefu wa mikromita 1 hadi 4. Kinahitaji jicho lililozoea, maana ndani ya utomvu mna takataka nyingi za ukubwa huohuo.

Hatua ya 7: Otesha kinachooteka

Kuvu za uozo: chukua vipande vidogo vya mpakani, vitumbukize kwenye sodiamu hipokloraiti ya asilimia 1 kwa dakika moja au mbili, suuza mara tatu kwa maji yaliyotakaswa, kausha, weka kwenye agari (jeli ya kuoteshea) ya viazi na sukari. Hamisha ncha ya utandu wa kuvu mara tu inapojitokeza.

*Xanthomonas albilineans* huota polepole, na kwenye agari ya kawaida bakteria wa uchafu watamzidi kabla hajaonekana. Tumia agari teule yenye viuavijasumu vinavyowazuia wengine, na uvumilie karibu wiki nzima mpaka vikundi vidogo vya rangi ya asali vitokee. Kipimo cha haraka: changanya kikundi na tone la potasiamu hidroksaidi ya asilimia 3. Kikivutika kama uzi, bakteria ni wa Gramu hasi (moja kati ya makundi mawili makuu ya bakteria), na *Xanthomonas* na *Acidovorax* wote ni wa upande huo.

Bakteria wa udumavu wa ratuni mwache. Anaoteka, lakini kwa agari maalumu na kwa majuma. Virusi, fitoplazma na kutu usijaribu kabisa kuwaotesha kwa kazi ya utambuzi.

Hatua ya 8: Kingamwili

ELISA, kipimo kinachotumia kingamwili (protini zinazonasa kimelea fulani tu), hupima sampuli nyingi kwa mkupuo, na inafaa unapokagua kitalu kizima cha mbegu. Kwa vimelea vya ndani ya mirija, mimi napendelea kipimo cha kugonga tishu kwa sababu unaona kimelea kilipokaa. Kata mshipa mkuu wa jani kwa wembe mpya, ukatize. Bonyeza uso uliokatwa kwenye utando wa nitroselulosi kwa sekunde chache, inua wima bila kuburuta. Baada ya kupitisha kingamwili na rangi, alama ya mshipa hubaki kwenye utando. Kama ScYLV kimo, vidoto vya rangi hujitokeza mahali penye mirija ya sukari tu, na tishu nyingine zote hubaki zimepauka. Rangi ikienea kote, huo ni uchafu wa kipimo, siyo maambukizi.

Hatua ya 9: PCR na usomaji wa vinasaba

PCR ni kipimo kinachonakili kipande cha DNA ya kimelea mara nyingi mpaka kionekane. Jua kwanza kimelea chako kimebeba nini. SCMV, SrMV, SCSMV na ScYLV vina RNA, kwa hiyo lazima uigeuze kuwa DNA kwanza. Kirusi cha michirizi kina DNA, sawa na bakteria, fitoplazma na kuvu. Ukisahau hatua ya kugeuza, kila kirusi cha RNA kitasomeka "hakipo".

Muwa una sukari na kemikali za kahawia zinazozuia kimeng'enya cha PCR. Ongeza PVP (unga unaonasa kemikali hizo za kahawia) wakati wa kusaga, na pima kila sampuli mara mbili: kama ilivyo, na ikiwa imezimuliwa mara kumi. Ikiwa iliyozimuliwa ndiyo inayotoa jibu, kizuizi kilikuwepo. Weka pia kipimo cha kinasaba cha muwa wenyewe. Kikishindwa hicho, majibu yote ya sampuli hiyo ni batili.

Kila mzunguko uwe na sampuli inayojulikana kuwa na kimelea, inayojulikana kuwa nzima, na maji matupu. DNA iliyonakiliwa huonekana kama mstari kwenye jeli; maji yakitoa mstari huo, tupa kazi yote uanze upya. Kwa fitoplazma, ambao hupimwa kwa PCR ya mizunguko miwili, uchafuzi wa aina hii ni wa kawaida mno.

Urefu wa mstari nao ni ushahidi. Kwa mfano, jozi ya vianzishi (vipande vifupi vya DNA vinavyoonyesha mahali pa kuanza kunakili) Cxx1 na Cxx2 ya bakteria wa udumavu wa ratuni hutoa kipande cha jozi 438 za besi. Mstari uliokaa juu au chini ya hapo ni kitu kingine. Penye shaka, soma mfuatano wa herufi zake na uulinganishe na GenBank, hazina ya mifuatano ya vinasaba. Kuvu husomwa eneo la vinasaba liitwalo ITS, fitoplazma jeni liitwalo 16S.

Jihadhari na virusi vya jamii ya badna (SCBV). Vina aina nyingi zinazotofautiana sana, hivyo jozi moja ya vianzishi inaweza kuziruka baadhi. Tena, vipande vinavyofanana navyo vimo ndani ya vinasaba vya muwa wenyewe, hivyo PCR inaweza kukupa mstari mzuri bila kirusi hai kuwepo.

Siku hizi upo usomaji wa vinasaba vyote kwa mkupuo, ambao hauhitaji mshukiwa. Ni chombo kikubwa ugonjwa ukiwa mpya. Lakini utakuletea orodha ya kila kiumbe kilichomo, na muwa ni nyumba ya bakteria wengi wasio na hatia. *Gluconacetobacter diazotrophicus*, aliyeelezwa mwaka 1988 kutoka miwa ya Brazil, hukaa ndani ya shina akikamata nitrojeni ya hewani. Kukutwa ndani hakumfanyi mwizi.

Hatua ya 10: Thibitisha kama ugonjwa ni mgeni

Kwa ugonjwa unaojulikana, dalili pamoja na kipimo kimoja mahususi hutosha. Kwa ugonjwa mpya, au kimelea kinachokutwa kwa mara ya kwanza katika eneo, rudi kwenye kanuni za Robert Koch: kitenge kimelea, kiambukize kwenye mmea mzima, pata dalili zilezile, kitenge tena.

Hatua hii si mapambo. Udumavu wa ratuni uligunduliwa Queensland katikati ya miaka ya 1940, na kwa muda mrefu ulidhaniwa kuwa wa virusi. Bakteria alionekana miaka ya 1970, na mwaka 1980 ndipo alipooteshwa na kuthibitishwa.

Miwa ya jaribio itoke kwenye mbegu iliyotibiwa kwa maji ya nyuzi 50 za Selsiasi kwa saa 2, au kwenye miche ya maabara iliyopimwa. Njia ya kuambukiza ifuate tabia ya kimelea: batobato la SCMV hupitishwa kwa kusugua jani kwa utomvu na unga wa kukwaruza; ScYLV hakipiti hivyo, kinataka kidukari *Melanaphis sacchari*; fugwe hupandwa kwa kuloweka macho kwenye maji yenye spora.

Hatua ya 11: Andika jibu kwa uangalifu

Andika "haikugunduliwa kwa kipimo hiki", usiandike "haipo". Taja kipande kilichopimwa, umri wa muwa, na idadi ya mashina. Kama umekuta vimelea viwili, vitaje vyote, kwa sababu ScYLV na batobato, kwa mfano, huweza kukaa kwenye shina moja na kila kimoja kinahitaji hatua yake.

Bakiza sehemu ya kila sampuli. Majani yaliyokaushwa haraka juu ya kalsiamu kloraidi hukaa muda mrefu yakiwa makavu na baridi, DNA iwekwe kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri, na RNA kwenye 80 chini ya sifuri. Mabaki mengine yachemshwe kwa shinikizo kabla ya kutupwa, na mijeledi ya fugwe ichomwe ikiwa bado ndani ya mifuko yake.